Sekunde za Kurudishiwa Usukani

Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi wa magari, wanafunzi wa kompyuta na mafundi wa gereji

Walimu, wanafunzi, na ninyi mafundi mliofunga kazi mapema ili mfike hapa: asanteni. Nimeombwa nizungumzie magari yanayojiendesha, na najua wengi mnategemea habari za rada na kamera. Nitazigusa. Lakini muda mwingi nitakaa na dereva, kwa sababu kwenye magari haya ya nusu kwa nusu, ambayo gari linaendesha na mtu analiangalia, hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Tuanze na ajali iliyoandikwa sekunde kwa sekunde. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber, aina ya Volvo XC90, lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku anasukuma baiskeli. NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilisoma kumbukumbu za kompyuta ya gari. Sekunde 5.6 kabla ya kugonga, vihisi vilikuwa vimeshamwona. Mfumo ukamwita gari. Baadaye ukamwita kitu kisichojulikana, ukamrudisha kuwa gari, kisha baiskeli. Kila ulipombadilishia jina ulitupa historia ya mwendo wake na kuanza upya, hivyo haukuweza kukadiria anakoelekea. Ilipobaki sekunde 1.2 ndipo ukajua kwamba atagongwa. Hapo wahandisi walikuwa wameweka kizuizi cha sekunde 1: mfumo usubiri kwanza, kwa kuogopa breki za ghafla zisizo na sababu. Mlio wa kumwonya msimamizi aliyekuwa ndani ya gari ulitoka ikiwa imebaki sekunde 0.2.

Fanyeni hesabu. Gari lilikuwa kwenye kama kilomita 70 kwa saa, yaani mita 19 hivi kila sekunde. Sekunde 5.6 ni zaidi ya mita 100. Breki kamili kwenye lami kavu kwa mwendo huo zingelisimamisha gari ndani ya mita 30 hivi. Nafasi ilikuwepo, na ya kutosha.

Waliosoma habari hii juu juu walisema msimamizi alikuwa anatazama kipindi kwenye simu, na shauri likafungwa. Ni kweli alikuwa anatazama, na mwaka 2023 alikiri kosa mahakamani. NTSB haikuishia hapo. Ilisema kampuni haikuwa na utaratibu wa kutosha wa kuwasimamia wasimamizi wake, wala njia ya kukabili uzembe ambao mashine yenyewe humwambukiza mtu anayeiangalia. Miezi michache kabla ya ajali walikuwa wametoa watu wawili ndani ya gari wakabakiza mmoja. Na breki za dharura ambazo Volvo hutoka nazo kiwandani zilikuwa zinazimwa kila mfumo wa Uber ulipowashwa. Kwa hiyo mtu mmoja, usiku, kwenye njia aliyokwisha kuipita mara nyingi, ndiye aliyeachwa awe breki ya mwisho.

Sasa ngazi. Chama cha wahandisi wa magari, SAE, kiliyagawa magari katika ngazi 0 hadi 5 mwaka 2014, na mgawanyo huo umerekebishwa mara kadhaa. Zote hazituhusu leo. Zitazameni mbili tu. Ngazi ya 2: gari linashika usukani na mwendo kwa pamoja, lakini dereva lazima atazame barabara muda wote, na likitokea la kutokea, dereva ndiye mwenye kuwajibika. Ngazi ya 3: gari linaendesha lenyewe katika mazingira maalumu, dereva anaruhusiwa kutazama kitu kingine, ila akiitwa aitike. Karibu kila gari linalouzwa leo kwa majina makubwa ya kujiendesha liko ngazi ya 2. Ngazi ya 3 ni chache mno: Honda Legend iliyotolewa Japani Machi 2021, magari 100 tu ya kukodishwa, na Mercedes nchini Ujerumani kuanzia 2022, kwanza kwa mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa.

Jina la mfumo nalo lina madhara. Taasisi ya IIHS ya Marekani, inayoshughulikia usalama barabarani, iliwauliza watu mwaka 2019 ni mambo gani wanadhani ni salama kuyafanya mfumo ukiwa umewashwa, wakipewa jina la mfumo tu. Kwa jina la Autopilot, mfumo wa Tesla, asilimia 48 walisema ni salama kuachia usukani. Kwa majina ya mifumo mingine, waliosema hivyo hawakuzidi asilimia 33. Mifumo yote hiyo ilikuwa ya ngazi ya 2.

Kwa nini mtu hawezi tu kukaa akatazama? Swali hili lina umri mkubwa kuliko magari haya. Mwaka 1948 Norman Mackworth, mtafiti wa Uingereza, alitoa matokeo ya jaribio lililotokana na kazi ya askari wa rada waliokuwa wakitafuta nyambizi. Mtu aliketi mbele ya mshale unaoruka hatua moja kila sekunde, na mara chache sana ukaruka hatua mbili. Kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe auonapo mruko mkubwa. Baada ya nusu saa ya kwanza watu walianza kuikosa miruko kwa wingi. Walikuwa macho, wamepumzika, wanajua wanachongoja, na bado waliikosa. Mwaka 1983 Lisanne Bainbridge akaandika jambo ambalo kila mbunifu wa mifumo ya magari angepaswa kulijua kabla hajachora skrini ya kwanza: unapompa mashine sehemu rahisi za kazi, unambakizia binadamu zile ngumu, na wakati huohuo unamnyima mazoezi ambayo yangemwezesha kuzifanya.

Google waliliona hili kwa macho. Mwaka 2013 waliwapa wafanyakazi wao magari ya majaribio watumie kwenye barabara kuu, wakiwa wameelezwa wazi kwamba watarekodiwa. Kamera za ndani ziliwaonyesha wakisinzia, wakijipaka vipodozi, wakichezea simu. Kampuni ikaacha kabisa mpango wa kumrudishia mtu usukani katikati ya safari, ikaelekea kwenye gari lisilohitaji dereva. Kwa maoni yangu huo ni mmoja wa uamuzi wa kiuhandisi wenye busara zaidi katika fani hii, na ulitokana na kuwatazama watu, wala si kihisi kipya.

Wengine waliendelea na njia ya kumwachia mtu alinde, na wakatafuta namna ya kuhakikisha analinda. Njia ya kwanza ilikuwa kupima nguvu ya mkono kwenye usukani. Ni rahisi, kwa sababu kihisi tayari kiko kwenye usukani wa umeme. Ubovu wake ni kwamba kinapima mkono, hakipimi macho. Katika ajali ya Williston, Florida, ya Mei 2016, Tesla Model S ilipita chini ya lori lililokuwa linakatiza barabara. NTSB ilikuta kwamba katika dakika 37 za mfumo kuwashwa, mikono ilihisiwa kwenye usukani kwa jumla ya sekunde 25. Baadaye zikauzwa hata sumaku za kubandika kwenye usukani ili kuudanganya mfumo, na mwaka 2018 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ikamwamuru muuzaji wa kifaa kimoja cha namna hiyo aache. Desemba 2023 magari zaidi ya milioni 2 ya Tesla yaliitwa yarekebishwe programu kwa sababu hiyohiyo: ulinzi dhidi ya dereva asiyetazama haukutosha.

Njia ya pili ni kamera ya ndani inayomulika uso kwa mwanga wa infraredi usioonekana, ikafuata kope na mwelekeo wa macho. Ni bora kwa mbali, nayo ina magonjwa yake. Baadhi ya miwani ya jua huzuia infraredi. Jua la jioni likiingia kwa dirisha la pembeni hufunika mwanga wa kifaa. Dereva mrefu aliyerudisha kiti nyuma kabisa hutoka kwenye picha, na kofia yenye ukingo hutia kivuli machoni. Na hata picha ikiwa safi, kamera inajua macho yameelekea wapi, haijui akili iko wapi. Umoja wa Ulaya umeweka sharti: kuanzia Julai 2024 aina mpya za magari lazima ziwe na mfumo wa kumwonya dereva aliyeacha kutazama mbele, na kuanzia Julai 2026 magari yote mapya. Mwendo ukizidi kilomita 50 kwa saa, onyo hutoka macho yakikaa chini kwa sekunde 3.5. Ukiwa kati ya 20 na 50, ni sekunde 6.

Nifike kwenye kiini cha jambo, kurudishiwa usukani, na hapa naomba wanafunzi mwandike.

Kurudishiwa usukani ni mlolongo. Mlio unasikika, macho yanaacha skrini yanarudi barabarani, mikono inashika usukani, mguu unaifikia pedali, dereva anaelewa kinachoendelea, ndipo anaamua. Hatua za mwili huisha haraka, mara nyingi ndani ya sekunde mbili tatu. Kuelewa ndiko kunakochelewa, na hakuonekani kwenye video. Christian Gold na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich waliwapa madereva kwenye simuleta, yaani mashine ya kuigiza uendeshaji, sekunde 5 au 7 kabla ya kukifikia kizuizi. Matokeo yao ya 2013: waliopewa muda mfupi waliitikia upesi zaidi, lakini vibaya zaidi. Walitazama vioo kidogo, wakakanyaga breki sana. Kwa hiyo mtu akikuletea bango linalosema mfumo wake "umepunguza muda wa kuitikia", muulize kama wameitikia vizuri.

Natasha Merat na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 2014, walipima kitu kingine: baada ya kuchukua usukani, inachukua muda gani mpaka uendeshaji utulie? Jibu lilikuwa sekunde 35 hadi 40. Kwa kilomita 100 kwa saa, sekunde 40 ni zaidi ya kilomita 1 ya gari kuendeshwa na mtu ambaye kisheria ni dereva kamili, na kwa vipimo bado hajawa. Na wastani hudanganya. Alexander Eriksson na Neville Stanton, mwaka 2017, waliwaacha madereva wachukue usukani bila dharura yoyote, kwa wakati wao. Wa haraka alitumia sekunde 1.9, wa mwisho 25.7. Ukibuni mfumo kwa ajili ya yule wa katikati, nusu ya madereva umewaacha nje.

Sheria ya Umoja wa Mataifa namba 157, iliyoanza kutumika Januari 2021 kwa mifumo ya ngazi ya 3 ya barabara kuu, inataka gari likimwita dereva limsubiri angalau sekunde 10 kabla ya kuanza kujisimamisha lenyewe, na wito uongezwe nguvu kabla sekunde 4 hazijapita. Sekunde 10 kwa kilomita 100 kwa saa ni mita 278. Linganisheni na 40 za Leeds. Mimi naona 10 ni kiwango cha kisiasa, kilicho katikati ya kile vihisi vinaweza kuona mbele na kile binadamu anahitaji. Kinafanya kazi kwenye foleni. Wasiwasi wangu unaanza mwendo unapopanda.

Ukitaka kuyapima haya mwenyewe, fanya hivi. Tuseme una hali 4 za kulinganisha: mlio peke yake, mlio na mtetemo wa kiti, mlio na maneno, mlio na taa ukingoni mwa kioo. Hali 4 zina mipangilio 24 ya kutangulia na kufuata, kwa hiyo washiriki 24 wanakupa kila mpangilio mara moja, na mazoea hayaipendelei hali yoyote. Mpe kila mmoja dakika 10 za kuzoea simuleta bila tukio. Kisha gari lijiendeshe dakika 15 au 20 kabla ya wito wa kwanza. Ukifupisha hapa umeua utafiti, maana mtu bado yuko chonjo kwa sababu ya ugeni. Mpe kazi ya pembeni inayolingana kwa wote, na uandike kama anaishika mkononi au imefungwa kwenye dashibodi. Uchambuzi wa tafiti 129 uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa kushika kifaa mkononi ni kati ya mambo yanayochelewesha zaidi.

Eleza mapema "kuchukua usukani" ni nini. Wengi hutumia kigezo cha usukani kugeuzwa digrii 2 au pedali ya breki kukanyagwa asilimia 10, kimojawapo kinachotangulia. Bila kigezo, wewe utapima kuanzia mkono ulipogusa, mwenzako kuanzia gari lilipobadili mwelekeo, na takwimu zenu hazitalingana kamwe. Zaidi ya muda, pima ubora: muda mdogo kabisa uliobaki kabla ya kugonga, mchepuko wa juu wa pembeni, na kuyumba ndani ya njia katika dakika moja inayofuata.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara kwenye tafiti za wanafunzi ni matatu. La kwanza, saa ya kamera na saa ya simuleta hazikuoanishwa. Video ya picha 30 kwa sekunde ina hatua za milisekunde 33, na kama kompyuta mbili zimepishana nusu sekunde, data yote ya macho imekwenda. Washa taa ndogo inayoonekana na kamera zote mwanzoni mwa kila kipindi, na tukio hilohilo liandikwe kwenye kumbukumbu za simuleta. La pili, kuchanganya wito wa kwanza na miito inayofuata. Wito wa kwanza ndio pekee wenye mshangao. Baada ya hapo mshiriki anasubiri wa pili, na muda wake unashuka. Uchambue peke yake. La tatu ni kichefuchefu cha simuleta. Weka feni, chumba kiwe baridi, punguza kona kali na kusimama ghafla, tumia dodoso la SSQ lenye dalili 16 kabla na baada. Mwenye kuanza kutokwa jasho mwondoe, usimbembeleze amalizie.

Kama simuleta huna, kuna njia ya dereva aliyefichwa. Wendy Ju na wenzake wa Stanford walitenganisha viti vya mbele kwa kizuizi, mshiriki akakaa upande wa abiria, na upande wa pili mtu akaendesha bila kuonekana. Mshiriki aliletewa safari kama ya gari linalojiendesha. Kundi hilohilo lilimvalisha dereva gamba la kiti, akaonekana kama kiti kitupu, gari likapita kwenye vivuko ili kuona watembea kwa miguu watafanyaje. Wengi walivuka kama kawaida. Jaribio hilo lilitikisa dhana tuliyoizoea, kwamba mtu hawezi kuvuka bila kutazamana macho na dereva. Anachokisoma zaidi ni mwendo: gari linapunguza au halipunguzi, na liko umbali gani. Kwa sababu hiyo mimi sizipi uzito mkubwa taa na maandishi ya kubandika mbele ya gari ili yamwambie mtu avuke. Gari likianza kupunguza mapema na waziwazi, limeshasema. Taa za rangi ya samawati-kijani ambazo Mercedes waliruhusiwa kutumia California na Nevada mwishoni mwa 2023 ni jambo tofauti: zinawaambia polisi na madereva wengine kwamba mfumo umewashwa, basi.

Twende ndani, kwenye skrini. Hapa hakuhitajiwi gari linalojiendesha hata kidogo ili mtu aumie. Utafiti wa Marekani uliofunga kamera kwenye magari 100 ya watu wa kawaida ulionyesha kwamba kuacha kutazama barabara kwa zaidi ya sekunde 2 huongeza hatari ya ajali au ya kukoswakoswa karibu mara mbili. Kutoka hapo, mwaka 2013, NHTSA ikaweka mwongozo wa hiari. Kazi moja ya skrini, tuseme kuandika mahali unakokwenda, ijaribiwe na watu 24 wa rika nne. Angalau 21 kati yao watimize masharti: angalau asilimia 85 ya mitazamo isizidi sekunde 2, wastani wa mtazamo usizidi sekunde 2, na jumla ya mitazamo kwa kazi nzima isizidi sekunde 12.

Kuna kipimo cha bei nafuu zaidi, miwani ya kufumba. Mshiriki anavaa miwani inayofunguka sekunde 1.5 na kufumba sekunde 1.5, tena na tena, anafanya kazi ya skrini akiwa ameketi tu. Unajumlisha muda miwani ilipokuwa wazi. Kinachokamatwa vizuri na kipimo hiki ni orodha ndefu za kusogeza kwa kidole: miwani ikifunguka tena mtu amepoteza mahali alipokuwa, anaanza kutafuta upya. Kitufe cha kuzungusha hakina shida hiyo, kwa sababu mkono unakumbuka.

Mwaka 2022 gazeti la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilichukua magari 12 kwenye uwanja wa ndege, kwa kilomita 110 kwa saa, na kumpa dereva kazi nne za kawaida: joto, redio, kurudisha kipimo cha safari kwenye sifuri, kupunguza mwanga wa dashibodi. Madereva walipewa kwanza muda wa kulizoea kila gari. Volvo V70 ya 2005, yenye vitufe vya kawaida, ilimaliza zote kwa sekunde 10 na mita 306. Gari la mwisho, MG Marvel R lenye skrini kubwa, lilitumia sekunde 44.9 na mita 1,372. Euro NCAP, wanaotoa nyota za usalama Ulaya, kuanzia 2026 wanataka indiketa, honi, waipa, taa za hadhari na wito wa dharura viwe na swichi halisi ili gari lipate alama zote.

Na sauti? Wengi wanadhani ukizungumza na gari umelimaliza tatizo. David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah alipima mzigo wa akili baada ya amri za sauti. Kwa mifumo mibaya, athari ilibaki hadi sekunde 27 baada ya mazungumzo kwisha. Kwa mwendo wa mjini wa kilomita 40 kwa saa, hizo ni mita 300. Macho yako mbele, mikono iko kwenye usukani, na dereva hayupo.

Sasa tufike yadini kwetu. Mtauliza haya ya Arizona na Munich yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu magari haya tunayo tayari, yaliingia bila tangazo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Toyota ilianza kufunga Toyota Safety Sense mwaka 2015, na Japani ilizifanya breki za dharura za kujifunga kuwa lazima kwa aina mpya za magari kuanzia Novemba 2021. Kila mwaka unaopita, sehemu kubwa zaidi ya mitumba ya bandarini Mombasa na Dar es Salaam ina kamera nyuma ya kioo cha mbele na rada nyuma ya nembo. Kitabu cha maelezo, kama kimo, ni cha Kijapani. Skrini ni ya Kijapani. Betri ikichomolewa redio inajifunga na kudai namba au kadi, na mnajua biashara inayofuata.

Kuna jambo moja hapa ambalo sijaliona likipimwa, nalo linastahili shahada ya uzamili. Kila mwenye gari la Japani anaijua ile sauti ya mwanamke anayezungumza ukiwasha gari. Mara nyingi anasema kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Kadi hiyo huku haina kazi, kwa hiyo kila asubuhi, kwa miaka, gari linamfundisha dereva kuzipuuza sauti za gari. Watafiti wa milio ya hadhari wanalijua jambo hili vizuri: kadiri onyo linavyotolewa bila sababu, ndivyo mtu anavyochelewa siku lina sababu. Sisi tumeagiza mafunzo ya kupuuza yakiwa yamefungashwa pamoja na mfumo unaohitaji kusikilizwa.

Mafundi, hii ni yenu. Kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera lazima irekebishwe upya. Kosa la digrii 1 tu linahamisha kile kamera inachokiona kwa sentimita 87 ukiwa umbali wa mita 50, na mita 1.75 ukiwa mita 100, yaani nusu ya njia nzima. Kioo kiwe cha aina ileile chenye kishikio cha kamera, na tinti isipite mbele yake. Sakafu iwe sawa, upepo wa tairi uwe sahihi, gari lisiwe na mzigo, kibao cha shabaha kiwekwe kwa vipimo vya mtengenezaji, kisha mashine ya kusoma hitilafu ithibitishe. Nembo ya mbele ikivunjika, usibandike ya kuiga yenye kromu: rada inapenya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili yake, chuma haipenyi. Ngao ya chuma mbele ya bampa ni hivyohivyo. Na kabla ya kumkabidhi mteja, washa swichi mutazame dashibodi pamoja: taa za mfumo ziwake kisha zizime. Isiyowaka kabisa inatisha kuliko inayobaki imewaka, kwa sababu huenda kuna mtu aliiondoa balbu.

Mwambieni mteja pia kwamba mfumo wa kushika njia unafuata mistari. Mstari ukifutika, mfumo unajitoa, na alama inayobadilika kwenye dashibodi ni ndogo kuliko ukucha. Hauna habari na tuta lisilopakwa rangi.

Wanafunzi, kwa ule utafiti wa sauti hamhitaji simuleta ya mamilioni. Kiwango cha ISO 17488 kinaeleza kipimo cha mzigo wa akili ambacho mnaweza kukitengeneza kwa bodi ya Arduino, kompyuta ndogo ya kujifunzia: taa ndogo nyekundu au kitetemeshi cha simu kwenye bega, kitufe kwenye kidole cha shahada. Ishara itoke kila baada ya sekunde 3 hadi 5 bila mpangilio, idumu isizidi sekunde 1, na mjibuji ahesabiwe akibonyeza kati ya milisekunde 100 na 2,500. Mwenye kuchelewa au kukosa ana mzigo mkubwa wa akili. Chukueni madereva 24, nusu wenye magari yanayosema Kijapani kila siku na nusu ambao magari yao hayasemi, wakae kwenye gari lililosimama uwanjani, wachezeeni maonyo halisi ya hatari katikati ya maneno ya kawaida, kwa sauti ileile ya mwanamke na kisha kwa mlio mtupu. Elekezeni kamera moja usoni na ya pili miguuni. Mguu utawaonyesha mengi ambayo dodoso halitayapata: kama ulihama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki, na baada ya milisekunde ngapi.